Mstari wa Pasi

Saadani,
Jumanne, 3 Septemba 2024

Kwa dada yangu Mwaija,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na shemeji Shuaibu anaendelea vizuri na ule mguu wake. Sisi huku tu wazima, mume wangu Mrisho anakusalimu, na binti yetu Adila anakuamkia. Alhamdulillahi.

Utashangaa kuletewa barua na Pazi, muuza ng'onda, samaki wake wakavu, wakati simu ipo. Dada, simu yako siku hizi ni ya shemeji. Analala nayo kifuani akingoja mwanawe apige. Kila nikipiga anapokea yeye, anaiweka spika kwa sababu ya lile sikio lililokufa kwa kiharusi, na nyumba nzima inasikia. Ninalotaka kukuuliza si la spika.

Chini ya ng'onda, kwenye mfuko mweusi, nimeweka jinzi. Jana jirani yangu Dija alikwenda kuokota kuni upande wa hori, pale bahari inapoingia nchi kavu, maji yakiwa yametoka, akaiona imenasa kwenye mizizi ya mikoko. Aliileta kwangu kwa sababu anajua Yahya wako anakaa kwetu. Haikuwa na mtu, dada. Nakuapia, ilikuwa nguo tupu, imejaa tope.

Sina nia ya kukutisha. Vijana wote wa huku wanavaa hizo, na bahari huleta vitu vya watu wa mbali. Yahya yupo, kaenda dagoni na wavuvi wenzake, na huko kambini mtandao hakuna, ndiyo maana hapatikani. Nataka tu uitazame, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa unamfulia. Kama huijui, nijibu upesi nipumue.

Usimwonyeshe shemeji.

Mdogo wako,
Habiba


Zinga,
Alhamisi, 5 Septemba 2024

Mdogo wangu Habiba,

Marahaba.

Pazi kanikuta nakaanga mihogo. Barua yako nimeisoma palepale jikoni, nimempa shemeji yako mgongo, na mihogo ikaungua. Kapiga kelele kutoka kitandani kwamba siku hizi napika kama bi harusi mgeni. Nikamjibu kuwa moshi umeniingia machoni, na machozi nilikuwa nayo kweli, kwa hiyo sikusema uongo mkubwa.

Ule mfuko nilikaa nao mapajani nisiufungue. Nilisoma kila sura ninayoijua. Mikono ilinikataa, Habiba. Mimi niliyeosha maiti ya mama yetu kwa mikono hiihii, nikaogopa mfuko wa plastiki.

Mimi na jinzi ya Yahya tunajuana. Alipoinunua kwenye mitumba Bagamoyo ilikuwa buluu iliyokoza mpaka inakaribia weusi, na siku ya kwanza ilinichuja mikononi, nikaenda arusini kwa akina Najma na viganja vya buluu. Nikailoweka kwenye chumvi na siki ili rangi ishike. Tangu hapo nikawa naifua nimeigeuza ndani nje, siisugui, siikamui, naianika kivulini. Mwenyewe ananung'unika: mama, jinzi haifuliwi kila wiki, inapoteza alama zake. Alama gani, nikamwuliza, za jasho? Naifua vilevile. Kisha naipiga pasi ya mkaa na mstari mbele, kama suruali za baba yake enzi za ukarani, kwa sababu mwanangu hatoki nyumbani kwangu na nguo iliyojikunja kama uso wa kikongwe. Wenzake wakamcheka, sikujali. Ule mstari, kwa kupigwa pasi mahali palepale kila mara, ukapauka ukawa mweupe kutoka pajani mpaka kwenye pindo. Hata ukiilowanisha unauona.

Basi nikaufungua mfuko. Nikaikung'uta, nikaitandaza mezani, nikatazama mbele ya miguu. Mstari haupo.

Siyo yake. Nilisujudu palepale kwenye majivu. Na shukrani isiyo na sadaka ni maneno matupu, kwa hiyo nimeisuuza tope na chumvi, ikakauka, nikampa Abdulrazak, yule anayesukuma mkokoteni hapa kituoni, maana suruali yake ilikuwa na dirisha nyuma. Kaniombea dua ndefu mpaka nikaona haya.

Sasa nijibu wewe. Kama mwanangu yuko salama dagoni, uliogopa nini mpaka ukafukia jinzi ya mtu chini ya ng'onda? Yahya hajapiga simu siku nyingi. Baba yake anasema ni mtandao, na mimi namwitikia. Lakini wewe ni mdogo wangu, nimekubeba mgongoni, na nikisoma barua yako naona mahali ulipoinua kalamu. Kuna nini?

Dada yako,
Mwaija


Saadani,
Jumapili, 8 Septemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, unisamehe mwandiko.

Mficha uchi hazai, na mimi nimekuficha. Barua yako niliisomea kwa sauti hapa uani, nikicheka kwa furaha, na nilipofika pale pa mstari wa pasi Adila akaacha kuchambua mchele. Akasema, mama, kaka Yahya aliutoa ule mstari. Nikamwambia unasema nini. Akasema alimwona nyuma ya nyumba, kaitandaza jinzi juu ya jiwe, anasugua mbele ya miguu kwa gunzi na mchanga. Vijana wa pwani huku walikuwa wanamwita karani. Kila akipita wanamwuliza ofisi inafunguliwa saa ngapi. Akaamua aichakaze yote ipauke sawa, mstari upotee.

Kwa hiyo kukosekana kwa mstari si ushahidi wa kitu, dada. Itazame tena. Mungu anisamehe, itazame tena.

Na hili la dagoni. Yahya hakutuaga. Siku ile ya kusugua jinzi, alichukua dumu la maji matamu akasuuzia mchanga. Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba nguo iliyoguswa na chumvi lazima isuuzwe kwa maji matamu. Lakini hapa kwetu maji matamu yanatoka mbali, na lile lilikuwa dumu la mwisho, la kunywa na la kupikia. Mrisho alirudi na kiu akakuta maji yamemwagika mchangani na jinzi inachuruzika kwenye kamba ya nguo. Akasema maneno. Alimwambia, kama unataka kufua jinzi nenda kafulie baharini, humu ndani kwangu usirudi na ufedhuli wako. Yahya alichukua jinzi yake mbichi akatoka nayo. Kulipopambazuka kitanda chake kilikuwa kitupu.

Hatukumwona akipanda chombo chochote. Tulisema kaenda dagoni kwa sababu alikuwa akilitaja hilo dago, lile la mbele ya Buyuni. Tulilisema mara ya kwanza kwa kubahatisha, na kwa kulirudia tukaliamini. Nilikuambia hivyo kwa sababu nilimwonea haya Mrisho, na kwa sababu nilikuogopa wewe.

Jambo la mwisho ndilo linalonikaba. Jinzi ilipoletwa na Dija ilikuwa na kamba. Kamba ya nailoni ya kijani, imezungushwa kwenye mguu mmoja juu ya pindo, fundo limekazwa hasa. Niliikata kwa kisu kabla ya kukutumia, ili usiione. Mpaka leo ninayo chini ya godoro na siwezi kuitupa.

Bahari haifungi mtu kamba mguuni, dada. Kamba hufungwa na mkono.

Habiba


Zinga,
Jumanne, 10 Septemba 2024

Habiba,

Salamu baadaye.

Pazi kanipa barua barabarani. Nilikuwa natoka dukani, nikaisoma nimesimama. Nilipoinua uso, mtu wa kwanza kumwona alikuwa mwanangu. Kanipa mgongo, kainama anapakia matofali kwenye mkokoteni, na mfuko wa nyuma wa kulia una ule mraba uliopauka wa simu yake, na nyuma ya magoti ile mikunjo kama miguu ya kuku. Nikaita, Yahya. Akageuka Abdulrazak.

Sijui nilianguka au nilikaa. Watu walinimwagia maji. Nilipoweza kusema nikamwambia Abdulrazak, baba, nivulie hiyo suruali. Kituo kizima kikacheka. Dereva mmoja akauliza kama sadaka siku hizi inarudishwa na riba. Abdulrazak hakucheka. Alinitazama, akanifuata nyumbani, akajifunga khanga yangu uani na kunipa jinzi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa msahafu. Nikampa suruali ya shemeji yako, ile ya kijivu ya sikukuu. Mwenye nayo hatoki tena kitandani kwenda sikukuu.

Mara ya kwanza nilitazama mahali pamoja tu, kwa sababu ndipo palipokuwa na jibu nililolitaka. Safari hii niligeuza kila kitu. Yahya hakurithi urefu wa baba yake. Ile jinzi ilipokuja nilikata miguu, nikapinda pindo kwa mkono. Vile vipande viwili nilivyokata, kimoja nilikifanya kishikio cha sufuria, cha pili kimelala sandukuni tangu siku hiyo, hakijaonja jua wala sabuni.

Nikafumua pindo. Uzi ni wangu, mweusi wa kushonea makawa ya kufunikia chakula, na mshono ni wangu, unapanda kushoto kama mlevi, mama alinichapa miaka mingi asiweze kuunyoosha. Ndani ya lile pindo, mahali ambapo jua halikufika wala gunzi lake halikufika, kitambaa kimebaki na buluu yake ya siku ya kwanza. Nikakitoa kile kipande sandukuni nikakiweka juu yake. Sikuweza kuona kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

Ni yake.

Nilipokuwa nimepiga magoti mbele ya sanduku niligeuka nikamwona baba yake ananitazama kutoka kitandani. Baadaye nilipompelekea uji, akanyoosha mkono wake mzima akanipa simu. Akasema, kaa nayo wewe. Tangu wiki ile ya kiharusi hajawahi kuiachia, na leo kanipa.

Mwambie shemeji yangu Mrisho, dumu lake la maji nitamletea. Nitalibeba kichwani kutoka Zinga kwa miguu, nilitue mlangoni kwake, anywe ashibe.

Wewe niambie kitu kimoja tu, kwa kuwa kila nikiinuka baada ya swala ulimi unagoma. Nimsomee mwanangu nini? Dua ya msafiri, au Yasini?

Mwaija


Saadani,
Ijumaa, 13 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo.

Naandika nimesimama, Pazi anangoja.

Mrisho nilimsomea barua yako yote, sikuruka hata neno. Nilipofika pale pa dumu aliinuka akatoka. Nilidhani amekasirika. Nikamkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye lile jiwe la kusugulia, kichwa kimelala magotini. Alikwenda kwa mwenyekiti akaeleza yote, pamoja na maneno yake mwenyewe. Wanaume wamelipekua hori lote maji yakitoka, wamefika mpaka mdomoni mwa mto, na unajua ule mto una mamba. Hawakuona mtu. Hawakuona hata kandambili. Wenye kututakia mema wanasema hiyo ni dalili njema, na wengine wananyamaza tukipita, Adila na mimi. Nawaogopa hao wanaonyamaza.

Jana Mrisho kapata nafasi kwenye boti linalopeleka barafu dagoni. Alikwenda na ile kamba ya kijani mfukoni, akawaulize wavuvi ni kamba ya chombo gani. Alipokuwa anaondoka aliniambia, nisiporudi naye sitajua nirudi vipi. Hajarudi. Kila chombo kinachoingia natoka mbio, nikifika ufukweni nasimama mbali.

Usisome Yasini, dada. Nakuomba. Soma ile ya msafiri.

Habiba


Dagoni, mbele ya Buyuni,
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Baba mdogo kasema nianze na hilo, na akasimama nyuma yangu mpaka nikaliandika. Karatasi hii tumepewa na mtu wa barafu, na boti linaondoka, kwa hiyo naandika haraka.

Mama, mimi sikujua lolote. Leo nilikuwa naanika samaki kichanjani nikaona mtu anakuja mbio juu ya mchanga, analia, nikadhani kuna msiba. Kumbe ni baba mdogo, boti lake limepitia madago mengine kwanza. Alinishika kichwa akanipapasa uso na mikono kama kipofu. Halafu akanipiga kofi. Halafu akanikumbatia, na watu wote wa dagoni wanatazama. Akatoa kamba mfukoni akaniuliza, hii unaijua? Nikamwambia ndiyo, ni yangu.

Niliifunga mimi, mama. Siku ile aliponiambia nikafulie baharini, nilikwenda horini kwa hasira nikafanya kama alivyosema. Nilifunga mguu mmoja wa jinzi kwa kamba, upande mwingine wa kamba nikaufunga kwenye mti wa mkoko, ili maji yakijaa na kutoka yaisugue yenyewe na jua liimalizie. Wenzangu walinambia bahari inapausha vizuri kuliko jiki na haili kitambaa. Nilitaka ule mstari uishe. Nisamehe, hapa wananiita karani.

Alfajiri nahodha mmoja alikuwa anatafuta mtu, nikapanda na pensi yangu na fulana. Niliwaza nitarudi baada ya bamvua moja, maji makubwa yakishapita, kuichukua, nyinyi mtakuwa mmeshatulia. Simu iliingia maji siku ya pili. Nilimpa mtu salamu zenu, kumbe naye hakufika.

Baba mdogo ananiambia umeiona jinzi na umelia. Sikujua fundo litafunguka upande wa mti. Msalimie baba. Mwambie nitampigia mara tu nitakapofika penye mtandao.

Na jinzi yangu, mama, kama bado unayo, naiomba. Huku usiku kuna baridi.

Mwanao,
Yahya


Zinga,
Jumatano, 18 Septemba 2024

Yahya,

Marahaba.

Barua yako ilifika jana. Sikuweza kuisoma, niliona mwandiko wako juu ya karatasi na macho yakajifunga. Nilimpa Pazi anisomee, na yule naye, mtu mzima mwenye ndevu, akaishia mstari wa kwanza akaanza kupangusa pua. Basi tukaisomea chumbani kwa baba yako, nikashika mimi karatasi. Nikamsomea baba yako mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono akasema, nipe simu yangu. Sasa iko kifuani tena, na ole wako usipige.

Nilikusudia nikuandikie matusi. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, ya kwako na ya mama yako mdogo na ya Mrisho, kila mtu na fungu lake. Leo asubuhi nimeyatafuta sikuyaona. Mwambie baba yako mdogo lile dumu nimelisamehe, na anisamehe nilivyolisema. Mtu aliyekufuata mpaka huko na kofi lake ni mzazi.

Lakini usidhani hofu imetoka. Watu wananiambia, Mwaija, cheka, mwanao yu hai. Nacheka. Kisha nikipita kituoni nikimwona kijana yeyote kwa mgongo, namfuata mpaka ageuke. Nimekuona umekufa, Yahya. Nimeushika ushahidi kwa mikono yangu, nikaulinganisha na kipande cha sandukuni, ukalingana. Jambo lililokwisha kulingana hivyo halifutiki kwa barua moja.

Na nitakwambia kilichoniumiza kupita vyote. Siyo kamba. Ni kwamba mara ya kwanza niliitandaza jinzi yako mezani, nikaitazama, nikasema siyo yake, nikaigawa. Mimi mama yako. Ungekuwa umelala horini kweli, ningekuwa nimekukana na huku nakaanga mihogo.

Jinzi naituma na Pazi. Pindo nimelishona upya, mshono uleule mlevi. Nimeisuuza kwa maji matamu, nikaianika kivulini, usiisugue tena kwa gunzi, kitambaa cha magotini kimeshachoka. Bahari imeipausha kweli, sikatai, imekuwa rangi ya mbingu ya kiangazi, na wenzako wataisifu.

Nimeipiga pasi. Nilijaza mkaa, nikalowanisha kitambaa, nikapiga mstari mahali palepale pa siku zote, nikarudia mpaka ukasimama. Watakucheka. Watakuita karani. Wewe ingia kwenye hicho chombo chako ukiwa umeivaa, na ukihisi haya kumbuka kwamba bahari haiandiki majina, na nguo zote zikikaa humo zinakuwa rangi moja.

Usiutoe, mwanangu. Siupigi tena kwa ajili ya urembo. Naupiga ili wakiniletea tena mfuko, nikujue.

Mama yako,
Mwaija